Nyonga ya Kushoto

Soksi ndiyo iliyonisaliti.
Miaka ishirini na miwili katika mabanda ya Southland,
kondoo mia tatu kwa siku, kilo sitini kila mmoja,
wala sikuwahi kusema "ah".
Asubuhi moja ya Julai, jalidi imeganda hadi kwenye kitasa,
nikainama kuvaa soksi ya kushoto
nikabaki papo hapo, nimepinda kama kulabu,
mpaka Marama mke wangu akaja akaivuta juu
bila kusema neno. Neno alilolimeza
liliniuma kuliko mgongo.

Nilikuwa nimeficha. Nilijifunga mshipi wa ngozi,
nikajining'iniza katika ule ukanda wa springi
tunaoufunga darini utubebe vifua,
nikameza vidonge kwa chai iliyopoa,
nikamwambia Lachie, msimamizi, ni baridi tu.
Kufa kikondoo, wanasema, ndiko kufa kiungwana.
Wasemao hawajamkalisha kondoo kwa kifandugu chake
wakasikia moyo unavyomgonga.

Kliniki ya Ailsa Dalgleish iko mjini Gore,
ubavuni mwa duka la mabuti ya mpira.
Mwanamke mfupi, vidole vifupi, hana haraka.
"Simama kwa mguu mmoja." Nikayumba.
"Sasa nionyeshe unavyomshika."
Nikambana kondoo wa hewa kati ya magoti,
nikamnyoa tumbo, shingo, bega,
na ilipofika zamu ya mgongo wake, wangu ukagoma.
Akabonyeza kwa kidole kimoja, juu kidogo ya tako,
penye kishimo. "Hapa?"
Hapo. Nyonga iliyoninyonga.

"Ni kiungo," akasema, "fupanyonga linapokutana na uti.
Kazi yake ni kucheza kidogo, kidogo sana."
Nikawaza: kama kiungo cha mchuzi.
Kikikosekana, hauliki; kikizidi, hauliki.

Akanilaza ubavu, akalikunja goti langu,
akalisukuma bega nyuma, akaegemeza uzito wake pajani,
na hapo nikautambua ule mshiko.
Ni wangu! Ndivyo ninavyowalaza wao:
kiumbe asipopata pa kukanyaga
huacha kupigana.
Nikaacha.
Ta! Kama kizibo cha soda.

"Mfupa umerudi?"
"Haukwenda popote," akacheka.
"Huo ni mlio wa hewa, usinilipe kwa ajili yake.
Wiki sita utembee. Uinue kiuno sakafuni, asubuhi na jioni.
Na kondoo uwapunguze."
Nilitaka muujiza; nikapewa karatasi yenye michoro.

Sasa ni Septemba. Panauma bado, hasa nikiendesha gari.
Nanyoa mia na themanini, Lachie ananuna.
Soksi navaa mwenyewe, zote mbili,
na Marama husimama mlangoni
akijifanya anatafuta funguo.

Jana aliletwa jike mzee, anachechemea mguu wa nyuma.
Nilizima mashine. Nikapapasa kwa kidole gumba,
chini ya manyoya yale mazito, yenye mafuta.
"Hapa?" nikamwuliza,
na banda zima likaangua kicheko,
isipokuwa yeye.