Chaguo la Kwanza

Dirisha linafungwa saa sita usiku,
anasema Shija wa steshenari ya Mabatini,
na mtandao umeshadondoka mara mbili.
Nafasi ni tano. Ada ya fomu hairudishwi.
"Dada Minza, la kwanza niandike nini?"

Mjomba Lugembe aliamua tangu Pasaka:
Benki. Shati jeupe, kiyoyozi,
tai isiyonuka samaki.
Kaka anasema Kodi, maana kila anayekula
sharti apite kwa anayekata.
Mwalimu wa biashara, aliyenifundisha
kwamba debiti na krediti ni Kulwa na Doto,
mmoja hazaliwi pasipo mwenzake,
anasema Uhasibu, mwanangu:
mhasibu hafi njaa, hufa usingizi.

Asubuhi nilishuka Mwaloni, Kirumba,
nikakuta kongoti wakizunguka magunia,
mikono nyuma, vipara, kimya,
wakaguzi wa hesabu kutoka makao makuu.
Nikacheka peke yangu.
Nikafuta Ukaguzi.

Mama hana daftari. Mama ana mlango.
Upande wa ndani, kwa chaki, madeni yote:
ndoo mbili za Holo, nusu gunia la Mkongo,
duara ni elfu kumi,
duara lenye mkia limeanza kuzaa riba.
Aliyelipa hufutwa kwa pindo la kanga na mate.
Tukihama, husema, tutahama na mlango.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, kule Igombe,
alianika dagaa wa mkopo
na mchanga wote ukang'aa fedha.
Ikanyesha siku tatu.
Ya nne, ufukwe ulinuka hadi barabarani,
bata wa jirani wakashiba,
na afisa mikopo akaja na buti, kwa adabu,
kuulizia rejesho la Ijumaa.
Dagaa wameoza, mama alisema.
Mkopo hauozi, mama, akajibu,
bila ubaya,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Hilo ndilo somo langu la kwanza la fedha
na hakuna aliyeniambia ni la kozi ipi.

"Bima," namwambia Shija. "Bima na Vihatarishi."
"Bima? Si wale wa stika za pikipiki?"
"Hao hao."
Nataka kujua mvua inapimwaje bei,
nani anaweza kuikalia na kikokotoo
kisha awaambie wanawake wa Igombe:
wekeni mia mbili kwa kila ndoo,
ikinyesha, tulowe wengi, kidogo kidogo,
asizame mmoja.

Labda kozi haifundishi hivyo.
Labda nitaishia kubandika stika, stendi ya Nyegezi, juani.
Hesabu yangu ni C, na C yenyewe ilinihurumia.

La pili, Uhasibu, kwa heshima ya mapacha.
La tatu, Benki, kwa ajili ya tai ya mjomba.
La nne na la tano acha wazi.
"Haikubali wazi."
"Basi weka chochote kisicho Kodi."

Saa tano na dakika hamsini.
Kiduara kinazunguka kwenye skrini,
nacho kina mkia.
Juu ya bati la steshenari, tone. Jingine.
Nahesabu hadi kumi na nne,
halafu yanakuja yote pamoja
na simsikii Shija, namwona tu mdomo:
imeenda.