Mfongo

Daktari Nakijwa alichora kwa kalamu ya bluu
nyuma ya bahasha ya picha:
mstari mmoja ukishuka kutoka moyoni,
ukigawanyika mara mbili penye nyonga.
Katikati akaweka uvimbe, kadiri ya limau.
"Huu ndio mshipa mkuu. Hapa ukuta umeliwa na vijidudu."

Nilielewa kabla hajaweka kalamu chini.
Miaka kumi na tisa nalinda mfongo wetu kule Kibosho.
Ukuta hauvunjiki ghafla. Kwanza fuko huchimba,
udongo hunywa, ukingo huota kitambi,
na mpita njia husema: tazama majani yalivyostawi.

Sisi pia tulipita.
Jipu la kisigino lilipokauka tukasema yamekwisha.
Homa iliporudi tukasema malaria,
mseto siku tatu, kisha tena siku tatu.
Ni mama yake, Jumamosi, akimwogesha kwenye beseni,
aliyeacha sabuni ikazama:
"Njoo ushike. Tumbo la Aikaeli linadunda."
Nikaweka kiganja, nikakiondoa upesi,
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Nilikuwa na swali moja tu.
"Mtafunga maji wapi?"
Wanafunzi wake wawili wakatazamana. Yeye hakucheka.
"Juu, karibu na figo. Nusu saa, isizidi."
"Na shamba la chini?"
"Miguu itapoa. Tutakuwa tunahesabu."

Wakampeleka saa mbili asubuhi na soksi moja;
ya pili aliivua mwenyewe, ana miaka mitatu na ubishi.
Nikakaa nayo mfukoni kwenye benchi la kijani.
Mlima ulikuwa wazi, watu wa Moshi wakiupiga picha.
Mimi nikahesabu zamu:
Kirita, saa sita. Bibi Manka, saa nane.
Nani amefungua lango leo, sijui.
Kuomba nilimwachia mama yake.

Jioni wakanivika barakoa, nikaingia.
Mipira puani, dawa ikidondoka.
Wiki sita za dawa bado, wamesema,
na hata zikiisha hawaahidi kitu.
Sikumgusa uso. Nilikwenda miguuni,
nikaweka kidole nyuma ya dole gumba,
kama nifanyavyo usiku, goti chini,
mwisho wa shamba la mwisho, tochi nimezima,
nikingoja udongo useme.

Baridi.
Bado baridi.
Halafu, kidogo, maji.