Penseli ya Aikande

Mkaguzi katoka Arusha na fomu yake:
ubora wa programu, asilimia ngapi?
Nikamwonyesha skrini, majaribio mia nne,
yote yana tiki ya kijani.
Nikaandika tisini na tisa, nikatia sahihi.

Aikande, karani wa mizani, hakuinua uso.
"Na hiyo moja," akauliza, "ni nani?"

Hiyo moja ni Ndeonasia wa Kibosho juu,
magunia mawili, Jumanne, umeme ukakatika
kati ya kilo na jina.
Mashine ilipowaka ilikuwa imemsahau
kwa adabu zote, bila kosa hata moja kwenye kumbukumbu.

Kahawa ina bahati.
Kule mnadani Moshi wanaivuta kwa kijiko, fyuu,
wanaitema, wanasema: hii ina ndimu, ile ina ukungu.
Programu nitaionja kwa ulimi gani?
Nihesabu mistari? Mistari mingi ni kichaka tu.
Nihesabu malalamiko? Waliochoka hawalalamiki,
wanamuuzia mchuuzi barabarani, wanarudi migombani.

Nimeirekebisha. Mara tatu.
Tiki ni kijani kilekile cha Jumanne ile.

Basi siku hizi naangalia penseli.
Kando ya kompyuta Aikande ana daftari,
kila kilo anaiandika mara ya pili,
siri ambayo ghala zima linaijua.
Jana aliandika hadi saa sita hivi,
halafu penseli akaichomeka kwenye nywele
na kuisahau humo mpaka jioni.

Fomu haina kisanduku cha hilo.