Herufi Kubwa

Kwenye laptopu yangu, Newala, saa tano usiku,
programu ilipima magunia mia nne bila kukohoa.
Nikalala na viatu.
Asubuhi, ghalani, katibu Chilemba akaipachika
kwenye kompyuta yake ya mezani, ile ya Windozi ya zamani
iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la bi harusi,
nayo ikasema neno moja tu:
Faili halijapatikana.

Halijapatikana! Nimeliweka kwa mkono wangu.
Lakini kwangu mkwaju wa njia huegemea mbele,
kama mtu apandaye kutoka bondeni na ndoo ya maji.
Kwa Chilemba huegemea nyuma,
kama mtu ateremkaye Shimo la Mungu
akiuogopa uzito wake mwenyewe.
Mlima ni huohuo.
Nikageuza mikwaju yote, mmoja mmoja, foleni ikinitazama mgongoni.

Hapo ndipo Bibi Somoe Nampanda alipofika dirishani.
Msimu huu yeye na bintiye wameleta korosho,
na bintiye pia ni Somoe. Mimi, kwa uvivu wangu,
nilimpa mama herufi kubwa, binti ndogo,
nikaona nimemaliza.
Kwangu hao ni watu wawili.
Kwa Windozi, kubwa na ndogo ni mtu mmoja:
binti alipoingia akalala juu ya mama,
na kilo mia tatu na kumi, daraja la kwanza,
zikayeyuka bila kangomba kuzigusa.

"Herufi kubwa ndiyo mimi?" akauliza.
Ndiyo, Bibi.
"Na mashine yake haijui nani kamzaa nani?"
Chilemba akajifanya anatafuta kalamu.
Nilikuwa na majibu mengi. Yote yalikuwa ya kitabuni.
Nikampimia upya, gunia kwa gunia,
kwa mizani ya chuma na daftari la mistari.

Jioni nikamlalamikia mama yangu, sokoni, kwenye fungu lake la mbaazi:
Nataka kuandika mara moja, ifanye kazi kila mahali.
Kama wewe. Mmakonde unamjibu Kimakonde,
Myao Kiyao, bwana wa ushuru Kiswahili cha redio,
na bei ni ileile.

Akacheka hadi akashika kiuno.
"Ileile? Nani kakwambia?
Yule Myao ni mtani wangu, lazima kwanza anitukane,
nami nimtukane, ndipo nimwongezee kiganja.
Bwana wa ushuru simwongezei kitu.
Shemeji yako nampa ya jana, hajui tofauti.
Mbaazi ndiyo moja, mwanangu. Mkono si mmoja."

Usiku umeme umekatika. Betri asilimia kumi na tisa.
Nimeandika: kama nyumba hii ni ya Windozi, piga hodi hivi.
Kama ni Linuksi, hivi.
Nimewapa akina Somoe namba, kila mmoja yake,
isiyojali ukubwa wa herufi.
Hesabu ya kilo sijaigusa; hiyo ndiyo mbaazi.

Imebaki simu ya kijana wa mizani, Androidi yenye kioo kilichopasuka
katikati, pale hasa nilipoweka kitufe cha "Hifadhi".
Kesho saa moja. Bibi Nampanda amesema
atakuwa wa kwanza kwenye foleni,
na atakuja na bintiye.