Tisa

Bwana Hakkarainen alipiga simu mara tatu:
mlango wake unajifungua.
Mafundi wawili walikuja kabla yangu,
mmoja akabadili relei, mwingine akabadili kitasa,
wote wakaacha ankara.
Mlango ukaendelea na mambo yake.

Oulu, Januari, nyuzi ishirini na tatu chini ya sufuri.
Nikavua glavu kwa meno, nikafungua kisanduku cha ukutani:
nyaya mbili za kwenda kwenye mtambo wa simu,
mbili za kitasa, volti kumi na mbili,
hakuna kutu, hakuna panya, skrubu zimekazwa na mtu aliyejali.
Mpango wenyewe mwepesi.
Mgeni anabonyeza kitufe cha nje,
simu namba kumi na saba inalia ghorofani,
Orvokki anainua mkonga, anasikiliza hodi,
anabonyeza tisa.
Kitasa kinasema ta, mgeni anaingia na theluji yake.
Umeme ukikatika, wa nje abaki nje,
wa ndani ashike mkono wa mlango atoke:
hiyo ni sheria ya moto, haina mjadala.

Nikakaa kando ya meza yake saa mbili nzima,
kahawa ya tatu mkononi, kipima umeme mapajani.
Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, sweta la kijivu,
penseli sita zimechongwa, zimelala sawasawa.
Kwa wageni alisema "ndiyo", "ngoja", "panda ngazi",
maneno yaliyopimwa kama chumvi ya mgonjwa wa presha.
Tisa. Ta. Tisa. Ta.
Nikaanza kuamini kwamba Hakkarainen anaota.

Saa nane akaja Eino wa vifurushi.
Sikusikia alichosema huko chini,
ila nilimwona Orvokki akiziba mdomo, akashindwa,
na kicheko kikamponyoka,
chembamba juu, kizito chini,
kama watu wawili wanaocheka katika kifua kimoja.
Ta.
Kidole chake kilikuwa bado kwenye penseli.

Hapo nikaelewa. Ndani ya waya, tisa si namba.
Ni milio miwili iliyosukwa, mmoja mnene, mmoja mwembamba,
na mtambo haujui kuhesabu, unajua kusikia tu.
Milisekunde arobaini zinautosha.
Nikamwambia. Akaona haya mpaka shingoni.
Nikamwomba acheke tena, kwa ajili ya kipimo.
Akajaribu: ha, ha, ha, kama mtu anayesoma orodha ya bei.
Mlango haukutikisika.
Tukajaribu mara nne. Kitasa hakidanganyiki.

"Tangu lini?" nikauliza.
"Eino alianza njia hii Septemba," akasema,
akainyoosha penseli moja ambayo haikuwa imepinda.

Dawa yake ndogo: unaingia kwenye mipangilio,
arobaini unaifanya mia na ishirini.
Kicheko hakiwezi kusimama pamoja muda wote huo,
kinapanda, kinashuka, kinapita.
Kidole kinaweza.
Niliitazama ile namba kuliko inavyostahili.
Nyuma ya mlango ule kuna mafaili ya watu,
mishahara yao, madeni yao;
nalipwa ili ufungwe.
Nikabonyeza hifadhi.

Kwenye karatasi ya kazi, mahali pa chanzo cha hitilafu,
niliandika: sauti ya mtumiaji.
Nikakata. Nikaandika: muda wa mlio.

Kisha nikashuka, nikasimama nje kujaribu,
ndevu zikiganda. Nikabonyeza.
"Hodi," nikasema. "Mimi fundi wa mlango. Nimefungiwa nje."
Akacheka. Cha kweli kabisa, hadi spika ikakwaruza.
Mlango ukasimama imara kama nilivyouagiza.
Theluji ikaniingia kolani.
Kazi safi, nikajiambia. Kazi safi.
Ndipo, baada ya kitambo,
akabonyeza tisa.