Kanda za Alhamisi

Kanda ya kwanza ina mwandiko wa Verlyn,
herufi zimeinama kama nyasi zilizolaliwa na theluji:
ALHAMISI. ARLYS BADO HAJAONA. USIFUTE.

Miaka ishirini na saba, bado sijaona.
Alhamisi zangu zilikuwa ghorofa ya nne, zamu ya usiku,
Duluth nzima ikiwatazama madaktari wa uongo
nami nikiwageuza wagonjwa wa kweli ubavu kwa ubavu,
migongo isije ikaota vidonda.

Leo nimeivuta mashine kutoka chini ya ngazi,
nikaipuliza vumbi, nikaibembeleza kidogo. Ikameza kanda.

Kumbe hawa ndio waliouliza mji machozi!
Machela zinaingia mbio, milango inapigwa mateke,
daktari kijana amevaa stetoskopu kinyume,
ncha za masikioni zinatazama nyuma. Atasikia nini huyo?
Mstari kwenye skrini umelala, nao wanaupiga umeme.
"Mstari uliolala haushtuliwi!" nawafokea,
na paka ananiangalia kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.
Hakuna anayemwaga mkojo.
Hakuna anayetafuta funguo za kabati la dawa.
Wauguzi wana midomo myekundu saa kumi alfajiri.

Nilijiandaa kulia, nikacheka.

Mara picha ikaruka.
Mama mmoja anaanza, "Mwambieni mwanangu…"
na kabla hajamaliza keshafunikwa shuka.
Nikadhani kanda imeoza.
Ikaruka tena. Nikaelewa.

Ni Verlyn. Anakata matangazo ya biashara
nisije nikapoteza muda wangu kwa sabuni na magari.
Huyo hapo, kidole gumba juu ya rimoti,
safari hii amewahi mno, safari hii amechelewa:
mbwa anakimbilia bakuli, hajalifikia, kwaheri mbwa.
Hasemi, haonekani, mume wangu;
yupo tu pale hadithi inapokatika.

Sasa sijui tena nani kafa kitanda namba mbili,
wala yule mwenye kidevu cha kuchonga kamwoa nani.
Nasubiri mikato.

Kanda ya sita, matangazo yote yamo.
Sabuni, magari, bima ya mazishi,
onyo la dhoruba inayokuja kutoka ziwani,
habari za usiku, filamu kuukuu ya farasi,
kisha chenga. Chenga nyeupe zinazonguruma, saa nzima.
Amesinzia, mjinga wangu, na viatu miguuni.

Britta amepiga simu kuuliza,
"Eti Mama, ni nzuri kama wanavyosema?"
Nikamwambia nitakupigia, niko kazini.

Nimepunguza sauti. Nimejitanda blanketi.
Naketi kando ya usingizi wake,
theluji ya skrini ikiniangukia mikononi,
na zamu hii
sina haraka ya kuikabidhi.