Taa ya Tatu

Hapa Jakmeli taa za uwanjani ni nne, inayowaka ni moja,
ya tatu ukihesabu kutoka kanisani,
na chini yake kila usiku wanazunguka
watoto wa darasa la sita, daftari kifuani,
midomo mbio, macho yamefumbwa
kama watu wanaotafuna kitu kigumu.

Nami hapo ndipo nilipotua sufuria yangu.
Uji wa mahindi, mdalasini, maziwa ya kopo:
wanafunzi wana njaa, na mwanga ni wa bure.
Wangu ni yule wa kaptula iliyoshushwa pindo mara mbili,
Dievensoni.

Hatua kumi kwenda, kumi kurudi,
Kifaransa cha Mwalimu Flerantini kinamtoka
neno kwa neno, nukta kwa nukta,
maana Mwalimu hapokei "kama hivyo hivi."
Ukiruka neno moja, utasimama hadi kengele.
Mimi shule niliishia kizingitini:
nilimpelekea dada chakula, mlinzi akanirudisha.
Kifaransa changu ni cha risiti tu:
umelipa, hujalipa, lete kilichobaki.

Jumanne taa ikazimika.
Uwanja mzima ukaguna, kisha kimya,
na katika kimya kile mwanangu akakwama
katikati ya sentensi.
Sijui nini kilinisukuma.
Nikaimalizia mimi.
Yote, hadi nukta, na iliyofuata,
mwiko mkononi, gizani,
kana kwamba nilizaliwa ndani ya daftari lile.

Watoto wakacheka, halafu wakaacha kucheka.
Akanijia. "Mama, umesema nini?"
"Nimesema ulichokuwa ukisema."
"Ndiyo, lakini maana yake?"
Nikashusha mwiko.
"Mimi nilidhani wewe unajua."

Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa,
tukalichambua somo kama mchele, kwa Kikreole chetu:
neno hili maji, hili joto,
hili labda kupanda,
hili hatulijui, liweke kando na mawe.
Akaja mteja, nikafunua sufuria,
na mfuniko ukamdondokea mwanangu mkononi
tone, na tone jingine.
Akautazama. Akautazama tena.
"Mvua!" akasema. "Wanazungumzia mvua tu!"
Akakasirika kama mtu aliyeuziwa maji ya kisima chake.

Asubuhi akaitwa mbele.
Akaeleza mfuniko, uji, ndoo, kwa Kikreole,
akarudi na sifuri
na barua ya karo ya muhula wa pili.
Mwalimu sikumlaumu sana.
Mshahara wake nao, mwezi wa tatu huu, haujanyesha.

Basi usiku tumerudi. Taa inawaka.
Hatua kumi kwenda, kumi kurudi,
neno kwa neno, nukta kwa nukta, vilevile.
Ila akifika pale pa maji kupanda
hupunguza mwendo, hutupa jicho upande wangu,
nami, hata kama hakuna mteja,
huinua mfuniko.